Kumpeleka Mtoto Kwenye Raga Usiyoijua

Mzazi aliyekulia Mwanza au Tanga, kisha kazi ikamleta Nairobi, huniuliza kliniki swali lilelile anapofikiria kuwapeleka wanawe kutazama raga: mtoto wa miaka minne ataelewa nini pale? Hataelewa kitu. Lakini huyohuyo haelewi kandanda pia. Hajui kuotea ni nini, wala kwa nini kipa peke yake anaruhusiwa kudaka mpira. Kwake michezo yote ni migeni sawasawa. Mgeni halisi uwanjani ni mzazi, na ndiye wa kuandaliwa kwanza.

Hakuna anayeiita Nairobi ughaibuni, najua. Hata hivyo, mtu aliyelelewa na Simba na Yanga akipanga nyumba mtaa wa Woodley hujikuta jirani na mchezo ambao kwao una wafuasi wachache tu. Ukipanda matatu ya kuelekea Karen pale Adams Arcade, hujakaa vizuri kitini umefika uwanja wa RFUEA, chama cha zamani cha raga cha Afrika Mashariki. Mwaka 1955 British Lions, timu teule ya raga ya Uingereza na Ireland, walicheza hapo baada ya ziara yao ya Afrika Kusini. Siku hizi ni nyumbani kwa Kenya Harlequin, yaani Quins. Impala wako kwenye barabara hiyohiyo ya Ngong, na Nondies, klabu iliyoanzishwa 1923, wako Jamhuri Park. Watoto wa mtaa huu huisikia raga shuleni kabla wazazi wao hawajaiona.

Kwa nini namsumbua mzazi? Mwaka 1985 James Sorce na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio lililotumia meza ya kioo iliyobuniwa zamani na Eleanor Gibson na Richard Walk. Chini ya kioo, sakafu inaonekana kushuka ghafla, ingawa kioo chenyewe ni imara. Watoto wa mwaka mmoja walitambaa hadi kwenye ukingo wa mteremko wa kama sentimita 30, wakasita, wakamwangalia mama aliyesimama upande wa pili. Mama hakuruhusiwa kusema neno. Akina mama walipoonyesha uso wa furaha, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Walipoonyesha uso wa hofu, kati ya watoto 17 hakuvuka hata mmoja. Pale mteremko ulipoondolewa, watoto wengi hawakuhangaika kumtazama mama, walijiendea tu. Maana yake ni kwamba mtoto huusoma uso wa mzazi hasa pale jambo lenyewe halijaeleweka kama ni jema au baya.

Mtu mzima wa kilo mia akimkumbatia mwenzake miguuni na kumbwaga chini ni jambo la aina hiyo hasa. Mtoto atageuka kukutazama. Ukiwa umeziba mdomo kwa kiganja na kusema "Mungu wangu!", umeshamjibu, na maelezo yako ya baadaye hayatafuta jibu hilo.

Kwa hiyo jifunze machache kabla ya siku yenyewe. Mpira hurushwa pembeni au nyuma, haurushwi mbele kwa mkono. Mchezaji akiuweka chini ng'ambo ya mstari wa goli amefunga mguso, pointi 5, na mkwaju unaofuata ukipita kati ya milingoti huongeza 2. Mwenye mpira ndiye pekee anayeruhusiwa kuangushwa, tena kwa kushikwa chini ya mabega, na aliyemwangusha lazima amwachie wakishafika ardhini. Hili la kumwachia ndilo la kumwonyesha mtoto. Mwambie atazame mikono: anamshika, wanaanguka, anamwachia, wanainuka. Baada ya mara chache ataanza kusema mwenyewe, na woga mwingi huisha hapo. Litakalobaki kumtatiza ni daktari wa timu kuingia kumhudumia aliyeumia huku mchezo ukiendelea. Sheria inaruhusu, na mtoto ana haki ya kushangaa; mimi mwenyewe bado sijaizoea.

Kuhusu mechi ipi, sina shaka: anza na raga ya wachezaji saba kila upande. Kila kipindi ni dakika 7, mapumziko hayazidi dakika 2, na mechi imekwisha kabla mtoto hajachoka kukaa. Raga ya wachezaji 15 ni dakika 80, kadhaa zikiwa za skramu, yaani kusukumana kwa pamoja, zinazovunjika na kupangwa upya. Quins huandaa mashindano ya Christie Sevens. Nenda asubuhi, majukwaa yakiwa matupu. Safari Sevens, yaliyoanzia uwanja huohuo mwaka 1996, yana tarumbeta, muziki na bia nyingi, na ukimbeba mdogo huko mfunike masikio kwa vile vifunikio wanavyovaa mafundi wa mashine. Aliyetoka Dar asidanganywe na baridi ya Nairobi pia. Jua la hapa, juu ya mita 1,600, linachoma hata ukiwa umevaa sweta.

Mkubwa wa miaka saba au minane anayesoma hapa anahitaji kitu kingine kabisa: nafasi ya kuwa mwenyeji wako. Pengine ameshasikia kwamba Kenya iliilaza Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore Sevens mwaka 2016, au kwamba Humphrey Kayange, Collins Injera na Michael Agevi, wote waliowahi kuichezea timu ya taifa, ni ndugu. Muulize, akufundishe, usijifanye unajua. Katika familia iliyohama, mtoto hutumwa mara nyingi kutafsiri mambo mazito ya wakubwa, ya ofisini na hospitalini, na humlemea. Hapa anajua zaidi ya baba yake na hakuna kinachoharibika akikosea.

Halafu atauliza: tunashangilia nani? Kwenye mechi ya klabu, mwache achague kwa rangi ya jezi. Kenya ikicheza, atashangilia Kenya pamoja na darasa lake lote, na wazazi wengine huumia kimoyomoyo, wakiona Tanzania inamponyoka. Watoto ninaowaona kliniki hawajawahi kulipata tatizo hilo. Mtoto hushangilia Shujaa, timu ya Kenya ya raga ya wachezaji saba, mchana na Taifa Stars jioni.

Mjiandae tu na kesho yake, maana lazima atajaribu kumwangusha mdogo wake sebuleni. Msimkataze raga, mchomekeeni kila mmoja vipande viwili vya leso kiunoni, kulia na kushoto, mwende nao kwenye nyasi. Badala ya kumwangusha mwenye mpira, unamchomoa kitambaa. Ndivyo watoto wadogo wanavyoanzishwa raga hata kwenye klabu kubwa, na baba asiyejua sheria anaweza kucheza vilevile.