KUKOMA HEDHI: MUULIZE MAMA YAKO

Wanawake wengi hukoma hedhi wakiwa na umri wa kati ya miaka 45 na 55. Wachache hukoma mapema, hata kabla ya miaka 40. Hapo maneno huanza kijijini. Huyu atasema mama amerogwa. Yule atasema ni vidonge vya uzazi wa mpango. Vidonge havikomeshi hedhi mapema.

Sababu moja kubwa ni urithi. Mtoto wa kike huzaliwa na mayai yake yote. Baadaye hatengenezi mengine. Mayai hupungua mwaka hadi mwaka. Yakikaribia kwisha, hedhi hukoma. Kwa wengine hupungua upesi, kwa wengine polepole. Jambo hili hurithiwa kama sura au urefu. Kama mama yako alikoma na miaka 42, huenda nawe ukakoma mapema, ingawa si lazima mlingane. Urithi hutoka kwa baba pia, basi waulize na shangazi zako.

Mama akisema hakumbuki umri, usichoke. Muulize: Je, ilikuwa kabla Mwalimu Nyerere hajafariki mwaka 1999, au baadaye? Kitinda mimba wako alikuwa darasa la ngapi?

Binti ambaye mama yake alikoma mapema, kama anataka watoto, asichelewe sana kuzaa. Na hedhi ikikatika kabla ya miaka 45, njoo zahanati. Mifupa hudhoofika mapema, na hospitali wana dawa. Lakini kwanza tutapima mimba. Wapo wanaodhani wamekoma, kumbe ni wajawazito!