Kuhama na Punda Wako Kuvuka Mpaka

Ndugu mkulima na mfugaji, barua tunayoijibu leo imetoka Simbo, pale inapoanzia barabara ya kwenda Ilagala na Kalya. Mwenye barua ni mkulima wa michikichi. Anahamia Rumonge, nchini Burundi, kwa wakwe zake, na huko nako michikichi inalimwa sana. Ana mbuzi wanne, na ana punda dume mmoja aliyehasiwa, ambaye alimnunua kwa mchuuzi wa Shinyanga miaka mitatu iliyopita. Punda huyu ndiye anayevuta mkokoteni wa mikungu ya chikichi toka shambani mpaka mashineni. Anauliza: "Je, nitaruhusiwa kuhama naye, na je, atafika mzima?"

Hapo ziko hoja mbili, ya karatasi na ya damu. Wengi huuliza ile ya karatasi tu, wakishapata mhuri wanadhani safari imekwisha. Sisi tutaanza na damu, kwa sababu mhuri haujapata kumponya mnyama.

Watu wa Ujiji wanaujua vizuri mnara wa Livingstone pale kwenye mwembe. Lakini ni wachache wanaokumbuka habari za wanyama wa wazee wale. Mwaka 1866 Livingstone aliteremka pwani ya kusini, karibu na mto Ruvuma, akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa kutoka India, baghala na punda. Mojawapo ya nia zake ilikuwa kujaribu kama wanyama hao wangestahimili mbung'o. Hawakustahimili. Ni kweli pia kwamba wachungaji wao waliwatesa kwa mizigo na vipigo, hata ikawa vigumu kusema ni kipi kilichowaua, mbung'o au mkono wa mtu.

Stanley naye, mwaka 1871, aliondoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone akiwa na punda 27 na farasi wawili. Farasi mmoja, wa kijivu, alikuwa zawadi ya Sultani Barghash wa Unguja. Walipofika Kingaru, bado karibu na pwani, farasi yule akafa. Walipompasua walikuta tumbo limejaa minyoo. Wakamzika karibu na kambi. Mara mkubwa wa kijiji akaja kudai faini ya doti mbili za nguo, kwa kuwa mzoga umezikwa katika ardhi yake bila ruhusa! Stanley akasema basi, atafukua na kuuacha mzoga juu pale pale, na mkubwa yule akaona heri ubaki chini. Haukupita muda mrefu farasi wa pili naye akafa. Punda wengi walikwisha baada ya kuvuka kinamasi cha Makata, upande wa Kilosa. Katika nchi yetu farasi hakuzuiwa na umbali wa njia. Alizuiwa na magonjwa.

Sasa tuyatazame magonjwa hayo, maana punda ni ndugu wa farasi, ingawa ni ndugu mwenye mwili mgumu zaidi.

La kwanza ni nagana, ambao wafugaji wengi huuita ndorobo. Huletwa na vijidudu vidogo mno viitwavyo tripanosoma, ambavyo mbung'o huvipokea kwa mnyama mmoja akinyonya damu na kumpelekea mwingine. Mbung'o hupenda misitu ya miombo kama ile ya upande wa Uvinza, pamoja na vichaka vya kando ya mito. Farasi akiambukizwa huweza kufa katika majuma machache. Punda huvumilia zaidi, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu anaweza kutembea na ugonjwa miezi mingi huku mwenyewe akisema punda wangu amezeeka tu. Dalili zake ni homa inayopanda na kushuka, kukonda ingawa anakula, utando wa ndani wa jicho kuwa mweupe, uvimbe chini ya tumbo na miguuni, na mwisho miguu ya nyuma kulegea.

Ndugu yetu wa Simbo akumbuke kwamba punda wake alikwisha hama mara moja, kutoka Shinyanga, na njia ya huko hupita katika misitu hiyo. Asidhani kwamba kwa kuwa anavuta mkokoteni basi damu yake ni safi. Tena jambo hili si la punda peke yake. Mnyama mwenye vijidudu akifika kijiji kigeni huwa ghala la ugonjwa. Hata mahali pasipo na mbung'o, baadhi ya vijidudu hivyo huhamishwa na nzi wengine wanaouma. Na iko aina ya tripanosoma inayowapa watu malale, ambayo huweza kukaa ndani ya mnyama wa kufugwa bila yeye kuonekana mgonjwa. Kwa hiyo mgeni wa namna hiyo hawapelekei wakwe hasara ya ng'ombe tu.

La pili ni ugonjwa wa farasi wa Afrika. Huu huletwa na visubi, wale wadudu wadogo wanaouma toka machweo hadi mapambazuko. Farasi asiyechanjwa hupumua kwa shida, povu humtoka puani, na mara nyingi hufa. Punda ni mara chache sana kufa kwa ugonjwa huu, lakini anaweza kuupata asionyeshe lolote. Ndiyo sababu nchi za Ulaya, ambako kila farasi ana kitabu chake cha pasi chenye alama zake zote, na siku hizi hata kidude cha namba chini ya ngozi ya shingo, haziwapokei kirahisi farasi wanaotoka huku kwetu. Msomaji mwenye ndoto ya kuleta farasi Kigoma ajiandae kwa chanjo, na kwa banda lenye wavu linalofungwa kabla jua halijazama.

Tumrudie punda wetu. Miezi miwili kabla ya safari mwone bwana mifugo wa kata yako, umwombe achukue damu ya sikioni, ipakwe kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini. Vijidudu hivi vina hila, maana leo vimejaa katika damu na kesho havionekani. Basi jibu moja la "hakuna" lisikutoshe. Rudia baada ya juma moja, hasa siku ambayo mnyama ana joto. Ikihitajika uchunguzi mkubwa zaidi, daktari wa mifugo wa wilaya anaweza kupeleka sampuli kwenye maabara ya veterinari iliyoko Tabora.

Akikutwa mgonjwa atibiwe kwanza, na hapa tunakazia neno. Ile dawa ya unga wa njano ambayo wafugaji wanaijua kwa jina la Berenil ni dawa nzuri kwa ng'ombe, lakini punda na farasi hawaivumilii kama ng'ombe. Kipimo kikizidi kidogo humletea mnyama matatizo ya mishipa ya fahamu, na anaweza kufa kwa sindano badala ya ugonjwa. Usinunue dukani ukampiga mwenyewe kwa kukisia uzito. Mwachie daktari. Wakati huo huo mpe dawa ya minyoo, usije ukarudia habari ya Kingaru.

Sasa karatasi. Kanuni yake ni kwamba unaanzia kule unakokwenda, huanzii hapa unapotoka. Wakwe waende ofisi ya mifugo ya Rumonge waulize masharti na kuomba kibali cha kuingiza mnyama. Kitatoka kwa Kifaransa, nawe usiogope. Ukishakipata, ndipo uende ofisi ya mifugo ya wilaya ya Kigoma kwa uchunguzi na cheti cha afya, nao wataelekeza maombi yako ya kibali cha kutoa mnyama nchini, ambacho ni kazi ya Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 ndiyo inayoongoza mambo haya.

Chukua pia barua ya serikali ya kijiji inayothibitisha kwamba punda ni wako, pamoja na stakabadhi ya kumnunua kama unayo. Siku hizi punda anayevuka mpaka hutiliwa mashaka, kwa sababu ya biashara ya ngozi iliyomaliza punda wengi barani. Mwezi wa Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Askari wa mpakani anayekuuliza maswali mengi anafanya kazi yake, usimnunie.

Tena uliza habari za mwezi ule ule unaosafiri. Mwaka 2022 homa ya Bonde la Ufa ilipoingia katika ng'ombe wa Burundi, serikali ya huko ilisimamisha uhamishaji wa mifugo. Kibali cha zamani hakikusaidii siku ya namna hiyo.

Kuhusu njia, wapo watakaokushauri upakie punda kwenye boti ya mbao usiku, ufike asubuhi bila kuulizwa na mtu. Kataa. Mbali na kwamba ni kosa, punda akistuka kwa wimbi husogea upande mmoja kwa uzito wake wote, na boti yenye watu ikilala upande mmoja ziwani hamna wa kumlaumu. Pita barabara ya Manyovu, uvukie Mugina, ambako kuna wakaguzi. Gari liwe na mchanga au nyasi sakafuni asiteleze, na kamba isimkabe shingo. Juma moja kabla, mzoeshe kupanda kwa kumwekea pumba juu ya gari.

Na mbuzi? Wauze Simbo. Mbuzi utawapata Rumonge, na gharama ya kuwapima na kuwasafirisha wanne haiwezi kurudi. Punda ni jambo jingine. Burundi si nchi ya punda, na dume aliyezoea mkokoteni humpati mnadani kwa asubuhi moja. Kwa maoni yetu, damu yake ikitoka safi mara mbili, hama naye. Ikiwa bado ana vijidudu hata baada ya matibabu, asivuke, hata kama karatasi zote ziko mkononi.

Watangulie kumjengea banda huko. Sheria ya Burundi ya mwaka 2018 inataka mifugo ifugwe bandani. Wafugaji walipewa miaka mitatu kujitayarisha, na tangu Oktoba 2021 mnyama anayezurura humpatia mwenyewe faini. Ile tabia yetu ya kumwachia punda jioni ajitafutie kando ya barabara imalizikie hapa. Kule utamkatia majani.

Akifika mtenge na mifugo ya wakwe kwa majuma matatu. Mpime joto kila asubuhi kama una kipima joto, na mtazame macho na tumbo. Asivute mzigo siku hizo, kwa kuwa kazi nzito na uchovu wa safari huamsha nagana iliyojificha. Mkokoteni wenyewe usihangaike nao. Beba ekseli na magurudumu, mbao utazipata Rumonge.