Je, Wajua? Keya Walipopigana Kisii

Je, wajua kwamba moja ya mapigano ya mwanzo ya Vita vya Kwanza vya Dunia katika Kenya ya leo yalifanyika Kisii? Mnamo Septemba 12, 1914, Wajerumani waliovuka mpaka na kuuteka mji huo walikabiliwa na Keya, yaani King's African Rifles. Siku hiyo Kapteni Thorneycroft, aliyewaongoza Keya, aliuawa. Wajerumani nao walirudi nyuma.

Wazee wa Kisii na Nyamira walikwisha kuijua bunduki ya Keya. Jeshi hilo, lililoundwa 1902, lilitumwa kuwaadhibu Abagusii mwaka 1905, na tena 1908 baada ya shujaa Otenyo kumchoma mkuki ofisa Mwingereza, Northcote. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakaswagwa.

Jina lilibadilika, jeshi likabaki. Uhuru ulipopatikana Desemba 12, 1963, batalioni za Keya za 3, 5 na 11 ziligeuka kuwa Kenya Rifles. Januari 1964 askari wa batalioni ya 11 waliasi kambini Lanet, na batalioni yao ikavunjwa. Za 3 na 5 zingalipo katika Jeshi la Kenya, na namba zao ni zilezile.

Silaha iliyotumwa kuwatiisha babu zetu sasa inalinda mipaka yetu. Tuiheshimu kazi hiyo, na tuwasimulie watoto habari za Otenyo.