Je, Wajua? Gemu ya Mkononi Hununuliwa kwa Saa za Chaji

Je, wajua kwamba betri iliyoisha ukiianika juani huamka kweli? Sisi tuliokulia Nkende na zile gemu za kupanga matofali tulizitoa betri zake mbili, tukaziweka juu ya bati saa sita mchana, na jioni matofali yakaanza kushuka tena. Betri ya zinki na kaboni ikitumika mfululizo, haidrojeni hujikusanya ndani na kuuzuia umeme. Ikipumzika, dioksidi ya manganizi iliyomo huiondoa haidrojeni hiyo, na joto huharakisha kazi. Nguvu mpya haiongezeki, ndiyo maana gemu ilizima tena kabla ugali haujaiva.

Je, wajua kwamba gemu ya mkononi iliyotamba kuliko wenzake wa wakati wake ndiyo iliyokuwa na kioo duni? Game Boy ya Nintendo ilitoka mwaka 1989, Marekani ikauzwa dola 89.99. Haikuwa na rangi wala taa ya kioo, lakini betri nne ndogo ziliiendesha zaidi ya saa 10. Game Gear ya Sega iling'aa kwa rangi, ikauzwa dola 149.99, na ikala betri sita kwa saa 3 hadi 5. Mbunifu wa Game Boy, Gunpei Yokoi, alipenda vifaa vya zamani, vya bei nafuu, vilivyokwisha kuzoeleka. Game Boy na ndugu yake wa rangi, Game Boy Color, walifikisha mauzo ya zaidi ya milioni 118. Game Gear iliishia kama milioni 10. Mzazi aliyekuwa akinunua betri kila siku mbili alijua sababu.

Tuje kwenye za leo. Nintendo Switch ya mwaka 2017 ilikuwa dola 299.99, betri yake mAh 4,310, muda wa kucheza saa 2.5 hadi 6.5. Switch 2 ya Juni 2025 ilianza kwa dola 449.99, zaidi ya shilingi milioni moja za Tanzania kabla ya usafiri na VAT yetu ya asilimia 18. Betri imekua hadi mAh 5,220. Na saa? 2 hadi 6.5. Bei imepanda kwa nusu, betri kwa kama moja ya tano, na zile saa za chini zimepungua. Kioo kikubwa na chipu yenye nguvu vimekula nyongeza yote. Kwa hiyo tangazo la gemu ijayo likikutajia ukubwa wa betri tu, bado hujaambiwa kitu.

Je, wajua kwamba hesabu ya saa za gemu unaifanya kila unaponunua umeme wa LUKU? Yuniti moja ni saa-wati 1,000. Gemu ya mkononi ya Steam Deck ya kwanza, ya mwaka 2022, ina betri ya saa-wati 40. Gemu nzito ikivuta wati 20, unapata saa mbili. Gemu nyepesi ikivuta wati 5, saa nane. Hata ukihesabu kinachopotea njiani, yuniti moja huijaza zaidi ya mara 15. Kuchaji ni rahisi kabisa. Shida ni umeme kukatika mechi ikiwa imepamba moto.

Hapo watu hukimbilia pawabenki, na wengi huumia. Pawabenki ya mAh 10,000 hubeba kama saa-wati 37 tu, haiwezi kuijaza Steam Deck hata mara moja. Tena nyingi za bei rahisi hutoa wati 10. Ukicheza gemu ya wati 20 huku umeichomeka, chaji inaendelea kushuka mbele ya macho yako, na utadhani waya ni mbovu.

Ukiletewa gemu ya mtumba, pale Sirari au popote, usikimbilie kutazama mikwaruzo. Omba dakika 20. Hakikisha haiko kwenye umeme, pandisha mwanga wa kioo hadi mwisho, fungua gemu nzito kuliko zote zilizomo, kisha soma asilimia za chaji mwanzo na mwisho. Ikishuka 17, una gemu ya saa mbili mkononi. Ikishuka 30, ni saa moja na dakika chache, na gharama ya betri mpya iondolewe kwenye bei papo hapo.