Kitabu Kipo, Ila Hakiuzwi Ulipo

Septemba 2020, Bloomsbury ya London ilitoa Afterlives, riwaya ya Abdulrazak Gurnah. Mwaka uliofuata mwandishi huyo mzaliwa wa Zanzibar akatunukiwa Nobel, na ndipo Riverhead ya Marekani ikanunua haki. Toleo lake lilitoka Agosti 2022. Kwa karibu miaka miwili, kitabu kilichouzwa London hakikuwa na toleo la Marekani.

Kikwazo kilikuwa mkataba. Mawakala huuza haki za kuchapisha vipande vipande: Amerika ya Kaskazini kwa huyu, Uingereza na sehemu kubwa ya Jumuiya ya Madola kwa yule. Mwaka 1947 wachapishaji wa Uingereza walikubaliana kujitengea soko la himaya yao. Makubaliano hayo yalikufa 1976 baada ya kesi ya serikali ya Marekani, lakini desturi ya kugawana dunia ikabaki, na vitabu pepe vikairithi.

Cha karatasi angalau kinabebeka. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa ushindi Supap Kirtsaeng, mwanafunzi kutoka Thailand aliyeuza Marekani vitabu vya kiada vilivyonunuliwa kwao kwa bei nafuu. Lakini mnunuzi wa kitabu pepe hupewa leseni tu, na duka hukagua nchi ya akaunti yake, anwani na kadi ya benki. Aliyehama Nairobi kwenda Toronto anaweza kusoma juzuu la kwanza, akitafuta la pili aambiwe halipatikani nchini mwake. Mwaka 2009 Amazon ilifika mbali zaidi: ilifuta vitabu viwili vya George Orwell ndani ya Kindle za wateja, kwa kuwa aliyeviweka dukani hakuwa na haki za Marekani. Wateja walirudishiwa fedha.

Hata sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Desemba 2018 dhidi ya kuwabagua wanunuzi kwa nchi zao haikulazimisha maduka kuwauzia vitabu pepe.

Wachapishaji hujitetea kwamba masoko mawili humpa mwandishi malipo mawili ya awali. Ni kweli, palipo na wanunuzi wawili wa haki. Asipokuwepo wa pili, msomaji mwenye fedha hufukuzwa, mwandishi hukosa mrabaha, na PDF ya wizi huzunguka WhatsApp bure.

Wachapishaji wa Dar es Salaam na Nairobi wasiige ugawaji huu. Wasomaji wa Kiswahili wapo Muscat, London na Minneapolis, na mara nyingi hakuna mchapishaji mwingine wa kuwahudumia. Mkataba utaje dunia nzima, na haki isiyotumika katika muda uliowekwa irudi kwa mwandishi.