Fungu la Nyota Lenye Umbo la Tufe

Bila shaka umewahi kusikia habari za Kilimia, lile fungu dogo la nyota ambalo jina lake latokana na neno kulima. Mtu mwenye macho mazuri aweza kuhesabu humo nyota sita au saba. Lipo fungu jingine, kubwa kuliko Kilimia, ambalo watu wengi hulitazama bila kulijua. Jina lake ni Omega Centauri. Lina nyota zipatazo milioni 10, zilizosongamana kama bumba la nyuki. Kwa kuwa umbo lake ni kama mpira, huitwa fungu tufe.

Watu wa kale walidhani kwamba ni nyota moja tu, na ndiyo maana likapewa jina la nyota. Mwaka 1677 Edmond Halley alilitazama kwa darubini kutoka kisiwa cha Saint Helena, akaona kwamba lafanana na wingu. Katika miaka ya 1830 John Herschel alilitazama kwa darubini kubwa zaidi huko Rasi ya Tumaini Jema, Afrika ya Kusini. Aliona kwamba wingu lile lilikuwa nyota tupu, zisizohesabika. Waingereza hao wawili walilazimika kuja kusini kwa meli, kwa sababu huko London fungu hili halichomozi kamwe. Wewe uliye Njombe huna haja ya meli. Inatosha kutoka nje ya nyumba.

Chagua usiku usio na mwezi wala mawingu, mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, saa tatu usiku. Wakati huo mvua zimekwisha. Njombe ipo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyembamba. Baridi nayo ni kali, kwa hiyo vaa sweta, chukua blanketi, na ufuatane na mtu mzima. Ukiwa Makambako, nenda mbali na taa za stesheni na za barabara kuu. Zima tochi, kisha ngoja nusu saa ili macho yako yazoee giza. Ukiwasha tochi mara moja tu, itakubidi uanze kungoja upya.

Sasa elekea kusini, mashariki ikiwa mkono wako wa kushoto. Tafuta Msalaba wa Kusini, wenye nyota nne zing'aazo. Kushoto kwake zipo nyota mbili kubwa. Ile iliyo karibu zaidi na Msalaba ni Beta Centauri. Fikiria mstari kutoka nyota hiyo hadi nyota ya juu ya Msalaba. Mstari huo ni upande wa chini wa pembetatu ambayo pande zake tatu zakaribia kulingana. Kila upande ni mrefu kidogo kuliko upana wa ngumi yako ukinyoosha mkono mbele. Ncha ya juu ya pembetatu ndipo lilipo Omega Centauri. Katikati ya upande wa kushoto utaona nyota yenye mwanga wa kadiri. Hiyo itakuhakikishia kwamba hukupotea njia.

Usilikazie macho. Tazama kando yake kidogo, kwa maana sehemu ya katikati ya jicho haioni vizuri gizani. Utaona kidoa cha ukungu. Ukiona nukta kali inayometameta, hiyo ni nyota ya kawaida, tafuta tena.

Mwanga husafiri kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Hata hivyo, mwanga wa fungu hili hutumia miaka ipatayo 17,000 kutufikia. Mwanga utakaouona ulianza safari kabla binadamu hajajua kulima.

Zoezi
Chora katika daftari Msalaba, nyota mbili za kushoto, na kile kidoa. Andika tarehe na saa. Rudi mahali pale pale baada ya saa mbili, uchore tena. Pembetatu imeelekea upande gani, na kwa nini?