Macho ya Mfugo Yanapotoa Machozi



Ng'ombe anayetoa machozi huenda ana mbegu ya nyasi tu chini ya kope. Huenda pia ana ndigana kali, na akafa kabla wiki mbili hazijaisha huku wewe ukimtia mafuta ya macho. Machozi ni yale yale, ugonjwa si ule ule. Kipeperushi hiki ni kwa ajili ya kaya zinazochunga Mkwaja, Mkalamo, Mwera, Bushiri na vijiji vya jirani, ambako nyumba ya mtaalamu wa mifugo mara nyingi iko mbali na boma.

Wakati mzuri wa kutazama ni alfajiri, kabla ng'ombe hawajatoka zizini. Simama mahali wanapopita mmoja mmoja na utazame nyuso. Jicho zima limefunguka, linang'aa, na ngozi iliyo chini yake ni kavu. Jicho linaloumwa utaliona kwa mstari wa machozi ulioshika vumbi, tongotongo pembeni, kope lililovimba, au mnyama anayefumba jicho moja na kugeuzia jua kisogo. Anayejikwaa kwenye kijiti au kubaki nyuma ya kundi, mwite kando umtazame vizuri. Mtoto anayechunga kila siku huyaona haya mapema kuliko mwenye mali, kwa hiyo mfundishe naye.

Kabla ya kuwaza dawa, jiulize maswali matatu. Ni jicho moja au yote mawili? Ni mnyama mmoja au kadhaa kwa wiki moja? Je, ana homa, amegoma kula, anahema au ana uvimbe mahali pengine? Majibu ya maswali haya yana thamani kuliko chupa yoyote ya dukani.

Jicho moja, mnyama mmoja

Hapa mara nyingi kuna kitu kimeingia au kimechoma: mwiba, mbegu ya nyasi, fimbo ya mchungaji, pembe ya mwenzake. Baada ya masika nyasi zikishakomaa, kesi hizi huongezeka. Mfunge mnyama vizuri, nawa mikono, vuta kope la chini kwa kidole gumba na utazame ndani, kisha la juu. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye kijiko kidogo cha chumvi kilichosawazishwa katika nusu lita. Mbegu iliyolala juu juu itatoka na maji. Kilichozama ndani ya jicho usikivute. Hiyo ni kazi ya mtaalamu.

Ukiona ndani ya kope vitu vyeupe vyembamba kama uzi vikijinyonganyonga, hao ni minyoo wa macho. Huletwa na inzi wanaokunywa machozi. Wanatibika kwa dawa ya minyoo kama levamisoli, lakini kipimo kiendane na uzito wa mnyama.

Swila naye yupo kwenye vichaka vyetu. Mbwa au mbuzi aliyetemewa sumu hufumba macho ghafla, hulia na kujisugua. Mwagia maji mengi mara moja kwa dakika kumi na tano au zaidi, na usisugue. Mchungaji akitemewa, fanya hivyo hivyo, kisha mpeleke hospitali siku ile ile.

Wanyama kadhaa, macho yanageuka meupe

Huu ndio ugonjwa wa macho unaoambukiza, na ndio unaotia wafugaji wengi hasara ya macho. Huanza kwa machozi mengi na kuogopa mwanga. Siku chache baadaye, katikati ya ngozi angavu inayofunika mboni, ambayo wataalamu huiita konea, hutokea doa jeupe. Doa hupanuka na kuwa kidonda, kisha mishipa midogo ya damu huota kutoka pembeni na jicho huwa jekundu. Wengi hupona kwa wiki tatu hadi tano wakibaki na kovu. Wasiotibiwa, wengine jicho hupasuka, na hapo hakuna dawa tena.

Kwa ng'ombe, kijidudu chake hubebwa na inzi kutoka uso hadi uso, na vumbi, jua kali na nyasi ndefu zinazochoma macho humfungulia njia. Kwa mbuzi na kondoo vijidudu ni vingine, na huenea wanapogusana zizini. Kwa vyovyote, mtenge mgonjwa na umweke kivulini. Mwahi siku ya kwanza au ya pili, kabla kidonda hakijaingia ndani. Mafuta ya macho ya tetrasaiklini hufaa, lakini yanatakiwa kutiwa zaidi ya mara moja kwa siku, na nani atamkamata fahali mara tatu kila siku? Ndiyo maana kwa ng'ombe wataalamu wengi hupendelea sindano ya oksitetrasaiklini ya asilimia 20 inayokaa muda mrefu, mililita 1 kwa kila kilo 10 za uzito, na kurudia baada ya saa 72. Soma kwenye chupa ni siku ngapi maziwa na nyama visitumike, na uzihesabu kweli.

Wapo wanaotia chumvi kavu, sukari au maji ya tumbaku. Vitu hivi huongeza machozi, na mtu hudhani uchafu unatoka. Kumbe kidonda kinachomwa zaidi. Hatari nyingine ni mafuta ya macho yenye deksamethasoni, predinisoloni au haidrokotisoni. Jicho litaonekana limetulia kwa siku mbili huku kidonda kikichimba chini. Ukiona moja ya majina hayo kwenye boksi, usitie kwenye jicho lenye doa jeupe bila kuelekezwa na daktari wa mifugo.

Macho yote mawili, na mwili unaumwa

Hapa acha mafuta ya macho. Ndama au ng'ombe mwenye machozi, homa kali, tezi zilizovimba chini ya sikio na mbele ya bega, anayehema kwa shida, mhesabu kuwa ana ndigana kali hadi ithibitishwe vingine. Dawa yake husaidia sana ikiwahi na kidogo sana ikichelewa. Mpigie mtaalamu siku hiyo hiyo, na utafute kupe ndani ya masikio. Mbuzi wengi wenye tongotongo linalogandisha kope, makamasi, vidonda mdomoni na kuhara huenda wana sotoka ya mbuzi na kondoo. Usiwahamishe wala kuwapeleka mnadani, toa taarifa.

Vuta kope la chini hata kwa mnyama asiye na machozi. Ndani panatakiwa pawe pekundu. Pakiwa peupe kama karatasi, damu imepungua: kwa mbuzi fikiria minyoo ya tumbo inayonyonya damu, kwa ng'ombe fikiria ndigana baridi au nagana. Huku kwetu nagana si jambo la kusahau. Ranchi ya Mkwaja ilipambana na mbung'o kwa dawa kwa miongo kadhaa, ikafungwa mwaka 2000, na eneo lake sasa ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Mbung'o bado wapo. Ng'ombe anayekonda huku malisho yapo, nywele zimesimama na kope ni jeupe, apimwe damu.

Kiangazi kikirefuka na majani mabichi yakakosekana kwa miezi, wapo wanaoona mchana na kupapasa jioni, na ndama huweza kuzaliwa vipofu. Huo ni upungufu wa vitamini A. Majani mabichi, hata ya mlusina yaliyokatwa na kuletwa, huwarudishia uwezo wa kuona wale walioanza karibuni.

Kuhusu inzi: ondoa samadi karibu na mlango wa nyumba na osha nyuso za watoto kila siku. Vikope vya binadamu havitoki kwa ng'ombe, hutoka kwa mtu hadi mtu, lakini inzi husaidia kuvisambaza.

Unapompigia afisa mifugo wa kata, mweleze umri wa mnyama, jicho moja au mawili, wangapi wanaumwa, siku ya ngapi, rangi ndani ya kope, tezi, na dawa uliyokwisha kumpa. Ukiweza, piga picha ya jicho kivulini, kwa kuwa juani konea hung'aa na doa halionekani.